Dawa ya Injini Iliyotembea Kidogo

Katika vyombo vyote vilivyopangwa mbele ya macho ya dereva, hakuna kiaminiwacho upesi kuliko ile namba ihesabuyo kilomita. Namba hiyo ikiwa ndogo, mwenye gari huingiwa na furaha, na furaha hiyo aghalabu haikai peke yake, bali hufuatwa na wasiwasi wa mtu aliyejaliwa kitu chema, akahofu kwamba kitaharibika mikononi mwake kwa kukosa kukitendea jambo ambalo wenziwe wanavitendea vyao. Wasiwasi huo ndio soko la chupa za dawa ya kusafishia injini, zilizopangwa safu kwa safu katika maduka ya vipuri tangu Kariakoo hadi Msamvu na Dumila, nyingine za kumiminwa katika tangi la petroli, nyingine za kutiwa ndani ya oili, na zote zikiahidi kurejesha nguvu ambayo mnunuzi hajathibitisha kwamba imepotea.

Swali la dawa hizi nimeletewa na mjomba wangu, na kwetu Ukaguruni, ambako nasaba hufuatwa upande wa mama, swali la mjomba hustahili jibu lililotaamaliwa. Yeye ni mwalimu mstaafu akaaye Mamboya, katika vilima vya kaskazini ya Kilosa. Wanawe walioko Dar es Salaam walimnunulia Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, ya lita moja na nusu, iliyoshushwa bandarini ikiwa na kilomita zisizofika elfu sitini. Gari hilo huenda kanisani Jumapili, huenda hospitali ya Berega panapokuwa na mgonjwa, hushuka Dumila siku ya haja, na siku zilizobaki hukaa chini ya banda la mabati. Fundi mmoja wa Dumila, kijana mwenye adabu na mikono myepesi, alifungua kifuniko cha oili akachungulia, kisha akamwambia, "Mwalimu, injini hii bado nzima kabisa, lakini ingefaa tuifanyie fulashi na kuitia dawa ya nozeli, isije ikachoka mapema." Mjomba hakumkatalia wala hakumkubalia. Alinipigia simu akaniuliza, "Mpwa wangu, kitu ambacho hakijachafuka husafishwaje?"

Mamboya ni mahali palipozoea kupokea vitu vitokavyo mbali. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka pwani kuelekea Mpwapwa ilipita katika vilima hivi, na wamisionari Waingereza wa Church Missionary Society (CMS) wakajenga kituo chao hapa karibu na mwaka 1880. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilizobebwa mabegani mwa wapagazi hazikuja na mtu wa kuzidhamini, kwa kuwa aliyezileta leo angekuwa safarini kesho, na aliyezipokea hakuwa na hakimu ila jicho lake na ncha za vidole vyake. Gari lililotumika Japani nalo hutufikia vivyo hivyo. Sheria ya huko hulazimisha gari jipya likaguliwe baada ya miaka mitatu, na baadaye kila baada ya miaka miwili, kwa gharama isiyo ndogo, na watu wengi huona heri wauze kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Ndiyo maana gari la umri mkubwa laweza kweli kuwa na kilomita chache, ingawa yako pia yaliyorudishwa namba zao nyuma kwa ulaghai. Walakini hata namba iliyo ya kweli hushuhudia jambo moja tu, nalo ni mizunguko ya magurudumu. Haisemi ilikuwa miaka mingapi, wala oili ilibadilishwa mara ngapi, wala kama kilomita zile zilikwendwa kwa safari ndefu au kwa vijisafari vya kwenda sokoni na kurudi.

Na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo kiini cha maneno yangu yote. Petroli ikiungua huzaa maji: kila lita moja iunguayo hutoa maji yapatayo lita moja, katika umbo la mvuke. Sehemu kubwa ya mvuke huo hutoka kwa bomba la moshi, lakini kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni pamoja na chembe za petroli isiyoungua na gesi zenye tindikali, hushuka chini ilipo oili, na hapo hatima yake huamuliwa na joto. Injini iliyokwenda mwendo mrefu hupata moto wa kutosha, maji na petroli vikageuka mvuke, vikavutwa na kurudishwa katika silinda. Injini iliyokwenda dakika chache tu, ikazimwa kabla oili yake haijashika joto, hubaki na maji yale tumboni. Na ikirudia jambo hilo wiki baada ya wiki, mwezi baada ya mwezi, maji na tindikali na oili huchanganyika, na mwisho mtu akifungua kifuniko cha oili huona uji mweupe umeganda chini yake. Fauka ya hayo, petroli ikaayo miezi katika tangi bila kutumika huchacha, ikaacha utando wa kunata katika njia zake na katika ncha za nozeli. Kwa hiyo gari la mjomba laweza kuwa na uchafu ambao gari la mchomoko lipandalo na kushuka na abiria kati ya Morogoro na Dumila tangu alfajiri hadi usiku halina, ijapokuwa lile la mchomoko limetembea mara nne ya kilomita zake.

Waundaji wa magari wanayajua haya, na ndiyo sababu kitabu kikaacho katika kijisanduku cha mbele, ambacho kwetu husomwa na wachache kwa kuwa kimeandikwa Kijapani, hutoa vipimo viwili vya kubadili oili na kuamuru kifuatwe kile kitakachotangulia. Toyota huko Japani hutaja kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini za petroli za kawaida, na nusu yake, yaani kilomita 7,500 au miezi sita, kwa gari litumiwalo katika hali ya taabu. Hali hizo za taabu zimeorodheshwa: njia mbovu na zenye vumbi, njia za milima, safari fupi zirudiwazo mara kwa mara, na mfano wa hayo. Mtu angedhani aliyeandika orodha ile aliwahi kuacha barabara kuu ya Dodoma akapanda Mamboya mwezi wa Septemba.

Jibu langu la kwanza, basi, ni kwamba mjomba amekosea kidogo katika swali lake, kwa kuwa kutembea kidogo si usafi. Lakini fundi naye amekosea, tena zaidi, maana uchafu wa namna hii hauondolewi kwa chupa. Dawa zake ni mbili za zamani: oili mpya kwa hesabu ya miezi badala ya hesabu ya kilomita, na moto. Gari likitolewa mara moja kila wiki mbili likaenda hadi Gairo na kurudi, mwendo wa utulivu, bila kuzimwa njiani, litakuwa limejisafisha kwa yale liliyoumbwa nayo.

Hapa yanipasa kusimama kidogo juu ya oili yenyewe, kwa sababu wengi wanaodhani kwamba wanaongeza msafishaji ndani ya injini hawajui kwamba msafishaji amekwisha kuwamo. Oili ya injini ya siku hizi si mafuta matupu. Ndani yake mna viungo vyenye kalisi au magnesi vinavyoua tindikali na kuzuia masizi yasigande juu ya chuma kilicho moto. Mna viungo vingine vinavyoizunguka kila chembe ya masizi na kuishikilia ielee, isiungane na wenziwe ikawa tope. Na mna kiungo cha zinki na fosfori kinachotanda juu ya chuma mahali ambapo chuma hukutana na chuma. Oili ikifanya kazi yake vizuri, basi, hugeuka nyeusi, kwa kuwa imeuchukua uchafu na kuubeba. Ni wangapi wameambiwa gerejini, "Tazama ilivyo nyeusi, lazima tuisafishe," wakalipa kwa hofu, ilhali ule weusi ulikuwa ushahidi wa usafi unaoendelea kufanywa! Oili isiyobadili rangi kwa miezi mingi katika injini yenye umri ndiyo ingenitia mimi shaka. Na viungo hivi vimepimwa vikae pamoja kwa kadiri maalumu. Anayemimina juu yake dawa ya chupa asiyoijua tabia yake huvuruga kipimo kilichohangaikiwa na wanakemia kwa miaka mingi.

Fulashi ndiyo iniudhiyo kuliko zote. Kwa kawaida ni kimiminika chepesi, jamaa ya mafuta ya taa, kitiwacho katika oili ya zamani, injini ikawashwa dakika kumi au kumi na tano ikiwa imesimama, kisha vyote vikamwagwa. Na mafundi wengine huacha chupa ya dukani wakatumia mafuta ya taa yenyewe au dizeli. Katika dakika hizo oili hupoteza uzito wake, na ule utando mwembamba utenganishao chuma na chuma hudhoofika mahali pasipovumilia udhaifu. Injini ya 1NZ-FE huzungusha vali zake kwa mnyororo, na mnyororo ule hukazwa na kikazio kitegemeacho msukumo wa oili. Mtambo wake wa VVT-i, ubadilishao wakati wa kufunguka kwa vali, hupokea oili kwa njia nyembamba yenye kijichujio kidogo sana. Ikiwa injini ni safi, fulashi haina cha kuondoa, ikabaki hatari tupu. Ikiwa ni chafu mno, tope hubanduka kwa mapande, likaenda kuziba chujio la pampu chini kwenye sampu, na injini iliyokuwa ikienda na uchafu wake kwa amani hukosa oili na kunoki njiani. Hata pale ambapo hakuna lililoharibika, sehemu ya kimiminika kile hubaki katika pembe ambazo haitoki kwa kumwagwa, ikaichafua oili mpya tangu saa yake ya kwanza. Mwenye injini yenye tope na amtie moyo fundi abadilishe oili na chujio mapema, baada ya kilomita elfu moja au mbili, kisha tena, na uchafu utapungua taratibu, bila kishindo.

Yupo atakayesema kwamba nawachukia waongezao kitu katika mafuta. Sichukii; nataka tu watu wakumbuke tulikotoka. Kiongezo kilichosifiwa kuliko vyote katika karne iliyopita ni madini ya risasi, ambayo Thomas Midgley wa Marekani, akiwa katika utumishi wa General Motors, aligundua Desemba 1921 kwamba yakitiwa katika petroli huzuia injini kugonga. Petroli yenye risasi ikauzwa kuanzia 1923. Risasi ile iliacha magamba katika plagi na vali, ikabidi kitiwe kiongezo cha pili, chenye bromini, cha kuyaondoa magamba ya kile cha kwanza. Na katika muda wote huo sumu ilitoka kwa moshi ikaingia katika damu za watoto wa kila mji uliokuwa na magari. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliazimia kuiacha katika mkutano wa Dakar wa 2001, zikawa zimeiacha mwanzoni mwa 2006. Algeria, ya mwisho duniani, iliacha 2021. Sisi Watanzania tulipata pia kiongezo kingine tusichokiomba, yaani mafuta ya taa yaliyochanganywa katika petroli na dizeli na wafanyabiashara wasio na haya, kwa kuwa yalitozwa ushuru mdogo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuyatia mafuta alama ya siri ili mchanganyiko ule ugundulike, na mwaka uliofuata Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, faida ya udanganyifu ikatoweka, ijapokuwa taa ya maskini nayo iliadhibiwa. Mtu aliyeishi miaka hiyo na kulipia nozeli zilizokufa kabla ya wakati wake ana haki ya kuuliza, kila aonapo chupa, ndani yake mna nini.

Kwa insafu, ipo aina moja ambayo naikubali, nayo ni dawa ya petroli yenye polieteramini. Hiki ni kiungo chenye kichwa cha naitrojeni ambacho hujishika na utando ulioganda katika nozeli na nyuma ya vali, kikauinua, ukachukuliwa na petroli hadi ndani ya silinda na kuungua. Nacho kina fadhila ya kustahimili joto la mahali hapo pasipo kugeuka kuwa uchafu mwingine. Marekani ililazimisha petroli yote ya huko iwe na viungo vya kusafisha tangu 1995, na mwaka 2004 baadhi ya waundaji wa magari, miongoni mwao Toyota, BMW, Honda na General Motors, wakaweka kipimo cha juu zaidi kuliko kile cha sheria. Watu hao wasingejisumbua kwa jambo lisilo na maana. Katika injini kama ya IST, ambayo petroli yake hurushwa nyuma ya vali na kuziosha ikiingia, dawa hii hufika mahali palipo na uchafu. Lakini injini ambazo hapa kwetu huitwa D4, ambazo Toyota ilianza kuziuza 1996, hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Vali zake za kuingizia hewa haziguswi na petroli kamwe, hivyo hukusanya masizi ya moshi urejeshwao na mvuke wa oili. Na dawa ya tangi, hata ikiwa bora ya namna gani, itasafisha nozeli na kupita bila kuziona vali zile. Aliye na D4 iliyoziba huhitaji mtu wa kufungua na kukwangua. Kumwuzia chupa mwenye D4 kwa ahadi ya kusafisha vali ni kumuuzia maneno.

Basi hata dawa njema ina mahali pake, na mahali pake hujulikana kwa dalili: gari likawa zito kuwaka baada ya kukaa, likatetema lisimamapo, likala petroli kuliko desturi yake. Dalili zikiwapo, chupa moja yenye jina la polieteramini waziwazi, katika tangi lililojaa, kabla kidogo ya kumwaga oili, kwa sababu sehemu yake hupenya hadi kwenye oili. Dalili zisipokuwapo, hapana. Wala sioni hoja ya kuitia kila ujazapo tangi.

Na wakati watu wanashughulika na chupa, vumbi linapita. Vumbi jekundu la njia zetu lina mchanga mwembamba ulio mgumu kuliko chuma cha silinda, na chujio la hewa lililotoboka au kukaa vibaya katika sanduku lake huiua injini changa upesi kuliko upungufu wa dawa zote za dunia. Jambo jingine ni oili nzito. Mafundi wetu wengi, kwa mapenzi mema, hutia oili ya 40 au ya 20W-50 katika injini iliyoumbwa kwa 5W-30, wakidhani uzito ni ulinzi. Kumbe nzito huchelewa kupanda asubuhi, na kuchelewa huko ndiko hasa kunakoila injini ya mtu aendaye safari fupi. Haya mawili hayana chupa yenye rangi kali, ndiyo maana hayasemwi.

Sasa nije kwa fundi, kwa kuwa nampenda na namhurumia. Kijana yule alichungulia injini ya mjomba na kuiona nzima, naye alisema kweli kwamba ni nzima; kisha akapendekeza kazi, kwa sababu desturi yetu haimpi senti moja kwa kusema kweli. Tunalipia kitu kinachomwagwa, kinachofungwa, kinachobadilishwa. Jicho lililoona kwamba hakuna la kufanya tunaliondokea kwa neno la asante, tukamwacha mwenye jicho arudi nyumbani mikono mitupu. Chini ya desturi hiyo, fundi mwaminifu hufa njaa, na chupa ndiyo imlishayo. Najua wapo wasemao kwamba dawa hizi huenea kwa ujinga wa wenye magari au kwa hila za wauzaji. Mimi naona zinaenea zaidi kwa sababu hatujakubali kwamba uchunguzi ni kazi, tena ni kazi ngumu kuliko kumimina, na kwamba fundi aliyesomea au kujifunza miaka mingi kuutambua mlio wa mnyororo na rangi ya plagi anatuuzia kilicho adimu.

Nilimwambia mjomba hivyo, nikamshauri amrudie kijana yule na kumwambia waziwazi kwamba hataki fulashi, ila atamlipa ujira kamili wa kuchunguza, hata asipopata lolote. Alikwenda. Kijana alisita mwanzoni, kisha akafanya kazi asubuhi nzima: akatoa plagi, akazikuta rangi ya kahawia hafifu, kama inavyotakiwa, akasugua kidole chini ya kifuniko cha oili, akaona uji mdogo mweupe, ishara ya safari fupi wala si ya ugonjwa, akafungua sanduku la chujio la hewa, na hapo akaita, "Mwalimu, njoo utazame," kwa kuwa chujio lilikuwa limekunjamana upande mmoja na vumbi limepita. Likabadilishwa chujio, ikamwagwa oili na kutiwa ya 5W-30, na bei yake pamoja na ujira wa uchunguzi ilizidi kidogo tu ile ya fulashi na dawa alizokuwa amependekezewa.

Limebaki jambo moja ambalo mjomba bado analiuliza, nalo ni kwamba gari hutetema kidogo lisimamapo asubuhi za baridi. Nimemwambia alipeleke Gairo mara tatu au nne kwanza, oili mpya ikiwamo na petroli mpya katika tangi. Likiacha kutetema, shauri limekwisha. Lisipoacha, nitamtumia kutoka mjini chupa moja ya polieteramini, aitie mwezi wa tano katika miezi sita ya oili hiyo.